Kuchomelea Difu ya Nyuma: Usiwashe Mashine Kabla ya Kusoma Hapa

Masika yakianza tu, swali ni lile lile. Mkulima wa mpunga anauliza, mwenye pikapu ya kubebea mbao anauliza, na kijana anayependa kupanda milima na wenzake mwisho wa wiki naye anauliza: "Nimetia foo-wili, nimetia gia ya chini, bado tairi moja la nyuma linachimba shimo na la pili halisogei. Fundi anasema tuchomelee difu. Nikubali?"

Kubali kama gari hilo limeshaachana na lami. Kama ndilo linalopeleka watoto shule, ndilo linalokimbiza mgonjwa usiku, na ndilo linaloteremka mlima Kitonga mvua ikinyesha, kataa hata kama fundi atakufanyia bure. Kwa wale ambao gari lao kweli ni la shamba, msitu au mashindano, nimeandika hapa namna ya kuifanya kazi hii isije ikavunjika mkiwa mbali na watu.

Mfano wangu ni Hilux ya zamani yenye ekseli nzima nyuma na difu ya inchi 8, kwa kuwa ndiyo wengi wenu mnayo. Mwenye Land Cruiser au gari jingine la ekseli nzima atafuata hatua hizi hizi, ila vipimo avichukue kwenye kitabu cha gari lake.

Kinachobadilika ndani

Difu ya kawaida huyapa magurudumu mawili nguvu sawa. Tairi la kushoto likiwa kwenye ute wa tope na likahitaji nguvu kidogo tu kuzunguka, la kulia nalo linapata kidogo hicho hicho, hata kama limekanyaga mwamba. Ukichomelea gia ndogo za ndani ya difu, yaani za spaida na za pembeni, zikawa kitu kimoja, magurudumu mawili yanazunguka pamoja kila wakati, upende usipende.

Mambo mawili yanafuata, na yote mawili yana gharama.

La kwanza ni kona. Gari likigeuka, gurudumu la nje husafiri zaidi kuliko la ndani. Kwa gari ambalo magurudumu ya nyuma yako mita 1.5 mbali, kugeuka nusu duara kunaleta tofauti ya mita 4.7. Difu iliyochomelewa haitoi nafasi hiyo, kwa hiyo lazima tairi liburuzwe. Kwenye tope linateleza bila taabu, lakini kwenye lami kavu linasagika huku hafushafti zikijisokota.

La pili ni mzigo. Tairi moja likikosa mshiko kabisa, hafushafti ya upande wa pili inabeba nguvu yote peke yake badala ya nusu. Piga hesabu: gia ya kwanza inayozidisha mara 4, gia ya chini mara 2.3, difu mara 4.1, jumla karibu mara 38. Injini ya dizeli ya Nm 190 inafikisha zaidi ya Nm 7,000 kwenye ekseli. Ndiyo maana baada ya kuchomelea, kinachovunjika kwanza mara nyingi ni hafushafti.

Gari lipi lifanyiwe, lipi liachwe

Linafaa:

- Pikapu ya shamba isiyotoka shambani, au inayovuka barabara tu.
- Gari la mashindano ya mwendo mdogo kama Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza 1989, ambako timu hushindania kupita vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wengine. Mshindi hapatikani kwa kasi, na mara nyingi hakuna hata njia.
- Gari la kuvutia magogo msituni au la kuzungukia machimbo.

Halifai:

- Gari lenye mfumo wa kompyuta wa kuzuia gari lisiyumbe, au ABS inayosoma kila gurudumu la nyuma kivyake. Mifumo hiyo inategemea tofauti ya mwendo kati ya magurudumu. Ukiiondoa, kompyuta inapata taarifa zisizo za kweli na inaweza kushika breki mahali pasipostahili.
- Gari ambalo kila gurudumu la nyuma lina springi na shafti yake. Jointi za shafti hizo hazikutengenezwa kubeba mzigo huu.
- Difu ya mbele, ya gari lolote linalogusa barabara. Usukani utakuwa mzito na gari litataka kwenda mbele tu. Hapa sina mjadala.
- Gari linaloendeshwa na watu wengi tofauti: la shule, la shirika, la kukodisha.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaliulizi: hafushafti yako ikikatika, gurudumu litabaki? Kwenye Land Cruiser nyingi za kazi, gurudumu limebebwa na habu yake yenye beringi mbili, hivyo shafti ikikatika gurudumu halitoki. Kwenye Hilux, shafti yenyewe ndiyo inayobeba gurudumu. Ikikatika nje ya beringi, gurudumu linaondoka. Ukikumbuka hilo utajua mwendo gani unakufaa.

Jaribu haya kwanza

Kabla ya kuchoma chuma kisichorudi, hakikisha umeshafanya yafuatayo, maana wengi wanaoniuliza hawajayafanya:

- Punguza upepo. Kwenye mchanga au tope laini, kushusha matairi hadi psi 18 kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Beba pampu ya kurudishia kabla ya kurudi barabarani.
- Nunua matairi ya tope. Tairi lililoisha halitaokolewa na difu ya aina yoyote.
- Tairi moja likianza kuzunguka bure, vuta breki ya mkono kidogo, nusu nusu, huku ukiendelea na mafuta taratibu. Breki inalipa tairi linaloteleza kitu cha kupambana nacho, na nguvu inaongezeka upande wa pili.
- Tafuta ekseli yenye difuloki ya kiwandani. Zipo Hilux na Land Cruiser zilizotoka nayo. Kwa Hilux nunua ekseli nzima, kwa sababu hausingi ya difuloki ni tofauti na yako.
- Ukiwa na uwezo, weka loku inayofungwa na kufunguliwa kwa swichi, kama ile ya upepo ya ARB. Inafanya kazi ya kuchomelea ukiitaka, na ukiifungua unapata difu ya kawaida. Bei yake ni kubwa, lakini gari linabaki la barabarani.

Ukiwa umeshayapima hayo na bado umeamua, tuendelee.

Usichomelee difu yako, nunua ya pili

Huu ndio ushauri ambao ningependa kila msomaji aushike. Nenda Gerezani kama uko Dar es Salaam, Grogan kama uko Nairobi, au popote wanapouza vipuri vilivyotumika, ununue kichwa kizima cha difu: lile bonge la mbele lililobeba kraunwili na pinioni. Chomelea hicho. Cha kwako kifunge kwenye gunia lenye oili, ukiweke stoo. Siku ukitaka kuuza gari, au ukichoka, unarudisha kama kilivyokuwa.

Wakati wa kununua, hesabu meno. Meno 41 ya kraunwili kwa 10 ya pinioni ni 4.1, 43 kwa 10 ni 4.3, 41 kwa 9 ni 4.55, na 39 kwa 8 ni 4.875. Lazima ilingane na difu yako ya mbele. Ukifunga 4.3 nyuma na mbele ni 4.1, siku ya kutia foo-wili kwenye ardhi ngumu utapasua kitu. Hesabu pia meno ya tundu la hafushafti, na uzungushe pinioni kwa mkono kusikiliza beringi. Usilipe kwa kuangalia rangi.

Kama kuna cha spaida mbili na cha spaida nne, chukua cha nne. Spaida mbili zinakutana na gia za pembeni mahali panne tu, lakini spaida nne zinakutana nazo mahali panane, na mzigo unagawanyika.

Vifaa

- Mashine ya kuchomelea ya mkondo mmoja (DC). Inveta nzuri inatosha.
- Elektrodi za 7018, milimita 3.2, kavu kabisa, kutoka kwenye pakiti iliyofungwa. Zikishalala wazi kwenye unyevu, mshono unaingiwa na hidrojeni na kupasuka baadaye. Zile za 6013 za mageti na madirisha ziache kwa mageti. Fundi mwenye elektrodi za chuma cha pua aina ya 312, zinazotumika kuunga vyuma vigumu visivyofanana, azitumie, ni nzuri zaidi.
- Moto wa gesi wa kupashia, na chaki au kifaa cha kupimia joto.
- Ndoo au pipa la chokaa kavu, majivu makavu au mchanga mkavu.
- Pula ya kutolea beringi, spana ya kupimia mkazo, na saa ya kupimia mchezo wa gia.
- Gasketi, oili sili mbili za hafushafti, oili ya difu ya GL-5.
- Ngao ya uso, glavu za ngozi, na mahali panapopita hewa.

Kushusha

Fungua bolti ya kujazia oili kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikagoma, gari litabaki limekaa hapo bila oili. Kisha:

1. Funga kabari magurudumu ya mbele, inua nyuma, weka stendi mbili chini ya ekseli. Jeki peke yake haitoshi.
2. Toa propela, ukitia alama kwenye flenji ili irudi ilivyokuwa.
3. Toa magurudumu na dramu, fungua bomba la breki na kebo ya breki ya mkono, ondoa nati nne za bamba la breki, kisha vuta hafushafti nje. Inyanyue wakati unaivuta, isijiburuze kwenye oili sili.
4. Ondoa nati za kichwa cha difu na ukivute kuelekea mbele. Ni kizito, kishikeni wawili.

Kwenye kichwa utakachochomelea, piga alama kwa senta-panchi kwenye kofia za beringi kabla ya kufungua: kushoto nukta moja, kulia mbili. Kofia hizi zilichongwa pamoja na mwili wake, hazibadilishani pande. Tia alama pia nati za kurekebishia zilipokuwa zimekaa. Toa kesi ya difu, ondoa kraunwili, ondoa beringi zote mbili za pembeni. Kuna mafundi wanaochomelea kila kitu kikiwa kimefungwa pamoja ili kuokoa saa mbili. Joto linapindisha kraunwili na kuharibu beringi, halafu mwenye gari anasikia difu inalia na kudhani ni tabia ya difu iliyochomelewa.

Usafi, na onyo moja la maisha

Oili ni adui wa mshono. Imeingia kwenye kila upenyo, nyuma ya washa za spaida, ndani ya vinyweleo vya chuma. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, osha tena kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa grisi, kausha kwa upepo wa kompresa. Kisha pasha kesi taratibu kwa moto wa gesi hadi oili iliyojificha itoke ikifuka, ipoe, na uisafishe mara ya mwisho kwa brashi ya waya. Ukiona mshono unatoa povu na matundu, bado kuna oili. Simama, saga, safisha.

Onyo: usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini karibu na kazi ya kuchomelea. Joto na mwanga wa mashine huugeuza mvuke wake kuwa fosijini, gesi yenye sumu inayoharibu mapafu, na dalili zake zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Soma kopo: ukiona maneno tetrachloroethylene au perchloroethylene, litoe nje ya gereji. Petroli nayo usiitumie. Inabaki kwenye vifuko vya chuma, na moto unaijua.

Kupasha, kuchomelea, kupoza

Hapa ndipo kazi ilipo. Watu hujisifu kwa pakiti ngapi za elektrodi walizomaliza, na mimi nikikagua kazi naangalia joto.

Gia za spaida na za pembeni ni chuma kilichogumishwa juu tu: ngozi yake imetiwa moto iwe ngumu, moyo wake ni laini. Kesi kwa kawaida ni chuma cha kumimina. Vyuma hivi vikichomelewa vikiwa baridi, kando ya mshono panakuwa pagumu na pa kukatika kwa urahisi. Unaweza kusikia "tiki" ndogo wakati kinapoa. Huo ni ufa.

*Kabla ya kuwasha:*

- Ziba matundu ya hafushafti kwa vipande vifupi vya bomba la shaba. Cheche hazishiki kwenye shaba, na meno ya ndani yatabaki safi. Cheche moja ikiganda pale, hafushafti haitaingia.
- Funika sehemu zinapokaa beringi na uso wa kraunwili.
- Bana waya wa ethi kwenye kesi yenyewe. Usichomelee kamwe difu ikiwa ndani ya gari: umeme utapita kwenye beringi na kuzitoboa vitundu vidogo, na tangi la mafuta liko karibu.

*Kupasha:* pasha kesi na gia zote pamoja, polepole, hadi nyuzi 200 za Selsiasi, na pima pande zote. Tone la maji linalochemka linakuambia umefika 100 tu.

*Kuchomelea:*

1. Elektrodi kwenye chanya, ampea 110 hadi 130 kwa milimita 3.2.
2. Anzia meno ya spaida yanapokutana na meno ya gia ya pembeni. Jaza bonde kutoka shina la jino hadi juu, upana wote wa jino.
3. Pita moja, gonga magamba yote, piga brashi, pita tena. Magamba yakifunikwa na mshono wa pili, pale hapana nguvu.
4. Baada ya kila pito, hamia upande wa pili kabisa wa kesi, halafu rudi. Joto likikaa upande mmoja kesi inapinda.
5. Pima joto kila baada ya mapito machache. Likishuka chini ya 150, rudisha moto wa gesi.
6. Penye nafasi kubwa kati ya gia mbili, kata kipande cha chuma laini kinachokaa vizuri, kichomelee pande zote. Usijaze pengo kwa elektrodi tupu.

Usitegemee mshono kati ya gia na kesi. Chuma cha kumimina hakishikani vizuri na elektrodi hizi, na mshono huo ndio unaopasuka kwanza, vipande vikaingia kwenye kraunwili. Unga gia kwa gia. Spaida zimeshikwa na pini yake ndani ya kesi, hivyo zikiwa kitu kimoja na gia za pembeni kila kitu kimefungwa.

Angalizo kwa wenye pikapu za Kimarekani: kwenye nyingi hafushafti hushikwa ndani ya difu na klipu zenye umbo la C, na pini ya spaida lazima itoke ili klipu ziingie. Ukiichomelea pini hiyo umejifungia nje.

*Kupoza:* zika kesi ikiwa bado ya moto kwenye chokaa au majivu, funika, iache hadi kesho yake. Maji hapana, wala upepo wa kompresa, wala sakafu ya saruji. Mwenye haraka aifanye kazi hii siku nyingine.

Asubuhi yake, toa, safisha, kagua kila mshono kwa tochi. Ukipata ile rangi ya kupenyeza inayoonyesha nyufa, itumie. Gonga kila mahali kwa nyundo ndogo na patasi kuondoa cheche zilizoganda, kwa sababu kipunje kimoja kikianguka ndani ya oili kitasaga beringi zote. Ingiza hafushafti pande zote mbili kwa mkono kabla ya kufunga chochote.

Kufunga tena

Kraunwili irudi kwa mkazo wa kitabu, bolti zake zikiwa safi na zimetiwa dawa ya kushikilia nyuzi. Beringi mpya kama za zamani zina alama. Kofia zirudi kwa nukta zake. Mchezo kati ya kraunwili na pinioni, kwa difu hii ya Toyota, uwe milimita 0.13 hadi 0.18, upimwe mahali kadhaa kuzunguka kraunwili. Ukikuta sehemu moja inabana na nyingine inalegea, kesi imepinda, na hapo hakuna kurekebisha kwa nati. Paka rangi ya alama kwenye meno uone yanapokutana: katikati ya jino, si pembeni wala kileleni.

Sili mpya, gasketi mpya, breki zitolewe hewa, oili ya GL-5, SAE 90, hadi usawa wa tundu la kujazia. Dawa za kuongeza za difu maalumu hazihitajiki, hakuna tena kinachoteleza humo ndani. Baada ya kilomita 200 au 300 imwage, angalia sumaku ya bolti, weka mpya. Unga laini wa chuma ni kawaida. Kipande chenye ncha si kawaida, fungua.

Jaribio kabla ya kutoka gereji

Nyuma ikiwa juu ya stendi, gia huru, breki ya mkono imeachiliwa: zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili lizunguke nalo, upande ule ule, bila kuchelewa hata kidogo. Kukiwa na mchezo kati yao, mshono mmoja haujashika. Kisha tia gia injini ikiwa imezimwa: magurudumu yote mawili yagome.

Ukiwa nyuma ya usukani

Gari hili si lile ulilolizoea, na wanaoumia ni wale wanaosahau hivyo wiki ya pili.

- Lami yenye maji. Ukigeuka huku umekanyaga mafuta, mkia unaondoka. Vijana wa magari ya kuteleza huchomelea difu wakitaka hilo litokee. Kwenye njia ya kona kama ya Mombo hadi Lushoto, bonde likiwa upande mmoja, hulitaki. Pikapu tupu ni mbaya zaidi, kwa hiyo weka mzigo juu ya ekseli.
- Ubavu wa mlima. Hili halisemwi vya kutosha. Kwenye difu ya kawaida, tairi moja likizunguka, la pili linabaki limeshika na kuuzuia mkia. Kwenye iliyochomelewa yanazunguka yote mawili, na mkia unateremka bondeni. Pita ubavuni taratibu, bila kuongeza mafuta ghafla.
- Klachi. Usiiachie kwa kishindo. Ukikwama, rudi nyuma ulikotoka, usiendelee kulazimisha.
- Matairi. Mawili ya nyuma yawe saizi moja, chapa moja, uchakavu mmoja, upepo sawa. Spea nayo iwe hivyo hivyo.
- Mwendo. Ukilazimika kupita barabarani, mimi ningesema usizidi kilomita 50 kwa saa, na mvua ikinyesha usubiri ikatike.

Jeki

Hili nimelipa kichwa chake kwa sababu linaua. Kwenye difu ya kawaida, ukiinua gurudumu moja la nyuma na mtu akawasha gari likiwa kwenye gia, gurudumu lililo juu linazunguka na gari kwa kawaida linabaki pale. Kwenye iliyochomelewa, gurudumu lililo chini nalo linasukuma, na gari linaruka kutoka kwenye jeki. Usiwashe injini kamwe gurudumu la nyuma likiwa hewani, na toa funguo kabla ya kuingiza mkono kwenye ringi.

Mnayoniambia

*"Jirani yangu amechomelea na anakwenda mjini kila siku."* Muulize amebadilisha matairi ya nyuma mara ngapi, kisha chungulia hafushafti zake. Meno yakiwa yamejisokota, yameanza kuvunjika.

*"Nikitaka kugeuka nitatoa foo-wili."* Foo-wili haihusiki. Difu imefungwa wakati wote, iwe umetia au hujatia.

*"Tuchomelee kidogo tu, jino moja moja, ili niweze kuirudisha."* Mshono mdogo utakatika chini ya mzigo, na kipande kitaingia kwenye kraunwili na kuifunga ghafla ukiwa njiani. Ama ichomelewe yote au iachwe.

*"Bima je?"* Waandikie kampuni yako barua, ueleze mabadiliko, na uombe jibu la maandishi kabla gari halijakanyaga barabara ya umma. Uliza vilevile kituo cha ukaguzi wa magari. Kama jibu ni hapana, gari libebwe kwenye trela hadi shambani.

Ukaguzi wa kila mwezi

- Sili za hafushafti: oili ikivuja inaingia kwenye breki.
- Meno ya hafushafti: itoe moja kila miezi michache, angalia kama mistari bado imenyooka.
- Kross za propela na bolti za flenji.
- Bolti za U zinazoshika springi kwenye ekseli, kwani ekseli sasa inasukumwa na kuvutwa zaidi.
- Sauti ya kugonga unapoachia mafuta: ikiongezeka, usisubiri.

Beba hafushafti mbili za akiba, kushoto na kulia, pamoja na gasketi na oili. Na bandika maandishi mawili yanayosomeka, moja kwenye dashibodi na moja kwenye jeki: DIFU YA NYUMA IMECHOMELEWA. Siku moja gari litaendeshwa na mtu ambaye hukumweleza, au tairi litapasuka na mwingine ndiye atakayelibadilisha.